Ketamini na Maumivu Sugu ya Mishipa ya Fahamu

Maumivu ni mlinzi wa mwili: humwarifu mtu kuwa amekanyaga mwiba au ameshika chungu cha moto. Jeraha likipona, nayo hukoma. Lakini mishipa ya fahamu yenyewe ikidhurika, kwa mfano kutokana na kisukari, mkanda wa jeshi au kukatwa kiungo, huweza kuendelea kupeleka habari za maumivu kwenye ubongo kwa miezi au miaka, ingawa kidonda kimekwisha kufunga. Mgonjwa husikia kama anaungua au anachomwa sindano, na dawa za kawaida za kutuliza maumivu humsaidia kidogo tu.

Sehemu kubwa ya tatizo hili imo katika uti wa mgongo. Habari ya maumivu huvushwa kutoka seli moja ya fahamu hadi nyingine kwa kemikali iitwayo glutameti. Seli inayopokea ina vijilango ambavyo kwa kawaida huzibwa na magnesiamu. Habari zikimiminika mfululizo, kizuizi hicho huondoka, kalsiamu huingia, na seli huwa nyepesi kushtuka. Tangu hapo, hata mguso wa shuka huweza kuuma.

Ketamini huviziba vijilango hivyo. Dawa hii, iliyotengenezwa kwanza nchini Marekani mwaka 1962, hutumika pia katika hospitali za Afrika Mashariki kuwatia wagonjwa usingizi wakati wa upasuaji. Kwa maumivu sugu hutolewa kwa kipimo kidogo zaidi, kwa dripu iendayo polepole kwa saa au siku kadhaa.

Je, inafaa? Katika utafiti wa Leiden, Uholanzi, uliotangazwa mwaka 2009, wagonjwa 60 wenye maumivu sugu ya kiungo kimoja waligawanywa: wengine walipewa ketamini, wengine dripu isiyo na dawa. Waliopewa ketamini walipata nafuu, lakini kufikia wiki ya 12 tofauti ilikuwa imetoweka. Wala uwezo wao wa kutumia kiungo haukuongezeka.

Aidha, dawa hii huweza kuleta kichefuchefu, kupandisha shinikizo la damu na kumfanya mtu aone mambo yasiyokuwepo; ikirudiwa mara nyingi, huweza kudhuru ini na kibofu. Kwa sababu hiyo hutolewa chini ya uangalizi wa wataalamu tu. Ketamini haiponyi mshipa uliodhurika. Daktari na mgonjwa hawana budi kupima kama majuma machache ya nafuu yanastahili hatari hizo.