Tanga, Bahasha na Mapafu

Haya wanangu, kaeni vizuri hapo barazani niwape fumbo la baharini. Fundi mmoja wa Matondoni ameshona tanga la namna mpya, na anaapa kwamba mashua yenye tanga hilo itazipita zote. Siku ya mashindano ya Maulidi analitweka kwenye mashua ya nahodha hodari kuliko wote Shela, na mashua hiyo inafika ya kwanza. Vigelegele! Tanga limeshinda!

Ngojeni kwanza. Limeshinda tanga, au ameshinda nahodha? Pengine mashua yenyewe ilikuwa nyepesi, au ilibahatika kuupata mkondo.

Tukitaka kujua kwa haki, tuchukue mashua nyingi, si moja wala mbili. Kwa kila mashua tupige kura: hii tanga jipya, hii tanga la zamani. Fundi asichague hata moja, maana anapenda tanga lake, na moyo ukipenda macho huona kinachotakiwa. Kura ikishaamua, manahodha hodari watatawanyika pande zote mbili, na wazembe vilevile. Hapo tanga jipya likizidi, tuna sababu ya kuamini.

Wako watu ambao kazi yao ya maisha ni kupanga mashindano ya haki ya namna hiyo, ila kinachoshindana ni dawa. Ni wanatakwimu wa tiba. Leo nawasimulia habari za mmoja wao, kisha nitawaleta hadi pwani yetu.

Austin Bradford Hill alizaliwa Uingereza mwaka 1897. Alitaka kuwa daktari. Vita Kuu ya Kwanza ikamkuta kijana, akaenda kurusha ndege, na huko vitani akapata kifua kikuu. Siku hizo ugonjwa huo haukuwa na dawa. Mgonjwa alilazwa, akapumzishwa, akasubiri kuona kama ataamka au atazikwa. Hill aliamka, lakini baada ya muda mrefu sana kitandani, na mlango wa udaktari ukawa umemfungia. Akiwa bado mgonjwa alisoma uchumi kwa njia ya posta, na baadaye akaingia kwenye takwimu. Mapafu yaliyomzuia kuwatibu watu ndiyo yaliyomfikisha kwenye kazi ambayo imeokoa wengi kuliko ambao daktari mmoja angeweza kuwagusa.

Mwaka 1943 huko Marekani iligunduliwa dawa inayoitwa streptomisini. Ilionekana kuua vijidudu vya kifua kikuu. Lakini je, ingemponya mtu? Baada ya Vita vya Pili Uingereza haikuwa na fedha za kununua dawa ya kuwatosha wagonjwa wote. Hill akaona kwamba, kwa kuwa haiwatoshi wote, kura ndiyo njia ya haki ya kuigawa, na pia ndiyo njia ya kuijua. Katika jaribio alilolipanga, jibu la kila mgonjwa liliwekwa ndani ya bahasha iliyofungwa: apumzike na kupewa dawa, au apumzike tu kama ilivyokuwa desturi. Daktari hakujua kilichomo mpaka mgonjwa akubaliwe kuingia. Nao waliosoma picha za eksirei za mapafu hawakuambiwa picha ni ya nani, wala alipata nini.

Baada ya miezi 6 wakahesabu. Kati ya wagonjwa 55 waliopewa dawa, walikuwa wamekufa 4. Kati ya 52 waliopumzika tu, walikuwa wamekufa 14. Fanyeni hesabu yenu: ni kama 7 katika kila 100 upande mmoja, na 27 katika kila 100 upande wa pili.

Mwanatakwimu hatoshelezwi na hapo. Anajiuliza: tuseme dawa haina kazi yoyote, je, kura peke yake ingeweza kuwatupa wagonjwa mahututi upande mmoja na kuleta tofauti kubwa hivi? Anapiga hesabu, anapata kwamba jambo hilo lingetokea karibu mara 1 tu katika 100. Basi dawa ina kazi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1948, na tangu hapo jaribio la kura likawa kipimo ambacho dawa mpya hupimwa nacho duniani.

Lakini kifua kikuu ni kijanja. Miezi ilivyopita, vijidudu vilizoea streptomisini, na wengi waliopata nafuu wakaanguka tena. Ikabidi dawa zichanganywe, kijidudu kikikwepa hii kikutane na ile. Matibabu yakawa marefu, hadi mwaka mmoja na nusu. Nani atameza dawa mwaka mmoja na nusu ilhali kikohozi kimeondoka mwezi wa pili?

Hapo ndipo Afrika Mashariki inapoingia. Wagonjwa wa hospitali za kwetu walikubali kushiriki majaribio yaliyofanywa pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, na matokeo yake makubwa yakatoka mwaka 1972. Watafiti walijaribu michanganyiko mbalimbali ya miezi 6, wakiilinganisha na ile ya miezi 18. Miezi 6 ilipokwisha, karibu kila mgonjwa alikuwa na makohozi safi, mchanganyiko wowote aliopewa. Mtu mwenye haraka angefunga daftari akaenda zake.

Wao hawakulifunga. Waliendelea kuwafuatilia wagonjwa baada ya dawa kwisha. Katika kundi lililopewa dawa mbili tu, streptomisini na isoniazidi, karibu 29 katika kila 100 ugonjwa uliwarudia. Katika kundi lililoongezewa rifampisini, ni kama 3 tu katika kila 100, sawa na wale wa miezi 18. Mgonjwa wa kifua kikuu cha kawaida anayeanza matibabu leo Faza au Kizingitini hupewa dawa za miezi 6, na rifampisini imo. Njia hiyo fupi ilijulikana kwa sababu watu wa huku walikubali kuhesabiwa, na waliohesabu walikuwa na subira.

Sasa tushuke Kilifi, ndugu zetu wa pwani hii hii. Huko, tangu mwaka 1989, kuna kituo cha utafiti cha KEMRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, na shirika la Wellcome Trust la Uingereza. Wafanyakazi wake hupita nyumba hadi nyumba wakiandika nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki, katika eneo lenye watu zaidi ya 250,000. Mwaka 2011 Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya nyumokokasi, bakteria anayeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Safari hii hapakuwa na kura, kwa kuwa chanjo ilikuwa haki ya kila mtoto. Basi utajuaje kama ni chanjo iliyofanya kazi, wala si lishe bora au mwaka mzuri tu?

Watafiti wa Kilifi waligundua njia. Bakteria huyo ana aina nyingi, na chanjo ile ilikuwa na aina 10. Kwa watoto wa chini ya miaka 5, maradhi makali ya aina zilizomo yalishuka kwa asilimia 92. Aina zisizokuwemo hazikushuka hivyo. Lishe bora isingejua kuchagua aina.

Kazi ya mwanatakwimu wa tiba inataka hesabu, baiolojia na ukaidi kidogo. Inataka pia kumkumbuka asiyeonekana. Mvuvi wa Kiwayu akiingia kwenye jaribio, kisha akaenda dago miezi mitatu asirudi kliniki, mwanatakwimu hamfuti. Anabaki kwenye kundi alilopangiwa na kura, na mtu anatumwa kumtafuta. Ukiwafuta wote waliopotea utabaki na wale waliopona wakafurahi, na kila dawa itaonekana ya ajabu.

Basi mtu akikuambia dawa yake ya chupa imeponya kikohozi cha mtaa mzima, muulize kwa adabu: wasioinywa walikuwaje? Nani aliamua nani anywe? Na wale ambao hawakurudi kukupa habari, umewahesabu? Kikohozi cha mafua aghalabu huondoka chenyewe, na kila kilichonywewa siku hizo hudai sifa.