Kabla ya Kubonyeza, Tazama Kivuli Chako

Mahafali yanakaribia na kila mtu atataka picha ya kupeleka nyumbani. Tatizo tunalijua: jengo la chuo linang'aa, joho limekaa vizuri, lakini uso wa mwenye shahada ni giza tupu. Mama anabaki kuuliza, "Sasa huyu ni wewe au nani?"

Kamera haikuchukii, jamani. Kipimo chake cha mwanga kimetengenezwa kudhani kila kitu kina weupe wa wastani, yaani kijivu. Ukiielekeza kwenye theluji au ukuta mweupe, inaona mwanga umezidi, inaupunguza. Theluji inakuwa kijivu, na sisi weusi ndio tunapotea kabisa. Kwa hiyo mimi huizima otomatiki na kukadiria mwenyewe kwa kanuni ya zamani ya 16.

Jua likiwa kali, weka tundu la lenzi f/16, na kasi ya shata ikaribiane na namba ya ISO: ISO 100 ni sehemu ya 1/125 ya sekunde, ISO 400 ni 1/500. Kasi hiyo usiiguse tena. Tazama kivuli chako chini, ubadilishe tundu tu:

- Kivuli kina kingo kali: f/16
- Kingo zimelainika: f/11
- Kinaonekana kwa shida: f/8
- Hakuna kivuli, wingu zito: f/5.6
- Umesimama kivulini, anga ni safi: f/4

Namba ikishuka tundu linapanuka, na kila hatua hapo inaongeza mwanga mara mbili.

Sasa yanayotuhusu sisi. Jua la Uingereza mwezi wa Desemba si la Dar saa sita mchana. Linakaa chini, kwa hiyo hata anga ikiwa safi anzia f/11. Pia utaambiwa kwenye theluji ufunge mpaka f/22. Hiyo ni kuiokoa theluji! Ukimpiga picha rafiki, baki f/16, au fungua hadi f/11. Jua likiwa mgongoni mwake, fungua hatua mbili. Theluji ikipauka, ipauke. Nyumbani hakuna anayeisubiri.

Wenye dijitali, hakikisheni uso kwenye kioo cha kamera kabla watu hawajatawanyika. Wenye filamu za negativu, mkiwa na shaka zidisheni mwanga kidogo, msipunguze. Kila la heri, na hongereni wahitimu!