Tangazo Peke Yake Halifungui Shule

Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya nchi kutangaziwa mgonjwa wa kwanza wa korona, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule zote, za awali, za msingi na za sekondari. Kesho yake vikafuata vyuo. Tarehe 1 Juni wanafunzi wa Kidato cha Sita na wa vyuo walirejea masomoni, na tarehe 29 Juni zikafunguliwa shule zote zilizobaki. Kwa hesabu ya kalenda zilipita siku 104. Watoto wa Dunda na Magomeni mjini Bagamoyo, wa Zinga, Kerege na Mapinga kando ya barabara ya Dar es Salaam, na wa Makurunge na Fukayosi upande wa bara, wote waliambiwa waende nyumbani kwa tangazo moja, na wakaambiwa warudi kwa tangazo jingine.

Makala haya hayakusudii kumlaumu mtu. Wakati ule dunia nzima ilikuwa ikipapasa gizani, na kwa hesabu za Umoja wa Mataifa wanafunzi wapatao bilioni 1.6 walikuwa wamekatiziwa masomo yao. Yanakusudia kuuliza swali moja ambalo halina budi kuulizwa wakati huu tukiwa na utulivu: maradhi mengine ya kuenea yakija, wilaya yetu itafungua shule zake kwa mpango gani? Maana tangazo hufungua mlango tu. Tangazo halichoti maji, halipunguzi msongamano darasani, wala haliendi kubisha hodi katika nyumba ya mtoto asiyerudi.

Wala asiseme mtu kwamba yale yalikuwa ya mara moja na yamekwisha. Pwani yetu si ngeni kwa maradhi. Mwaka 1869 kipindupindu kilifuata njia za misafara kutoka bara, kikatokea Pangani, kikashuka pwani hii hadi Unguja, kikaua watu kwa maelfu. James Christie, daktari aliyekuwa akitibu Unguja siku hizo, aliyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1876. Njia zilizoleta pembe za ndovu na watumwa ndizo zilizoleta ugonjwa. Kipindupindu kilirudi nchini kwa nguvu katika miaka ya 1977 na 1978. Agosti 2015 kilianzia Dar es Salaam, kikaenea karibu nchi nzima, na hadi mwaka 2018 watu zaidi ya 30,000 walikuwa wameugua na zaidi ya 500 wamekufa. Mkoa wa Kagera nao ulipata ugonjwa wa Marburg mwaka 2023, ukaupata tena mwaka 2025. Tahadhari kabla ya hatari, na hatari hii ina tabia ya kurudi.

Jambo la kwanza katika mpango wowote ni kumjua adui. Kipindupindu hupita katika maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Korona hupita zaidi katika pumzi, ndani ya vyumba vilivyofungwa na vilivyojaa watu. Shule inayojikinga na kipindupindu haina budi kuanzia kisimani, chooni na kwa mama anayeuza vitumbua na maembe langoni. Shule inayojikinga na ugonjwa wa pumzi haina budi kuanzia madirishani. Mwaka 2020 tulihimizana sana juu ya ndoo ya maji tiririka, na tulifanya vema. Lakini ni wangapi walioondoa makabati yaliyoziba madirisha? Darasa lenye madirisha pande mbili, lililoachwa wazi kwa upepo wa kusi unaovuma mwezi wa Juni, limepata kinga isiyouzwa dukani. Na mwembe ulio uwanjani, pasipo mvua, ni darasa lililo bora kuliko chumba chenye joto na watoto tisini.

Jambo la pili ni maji, na hapa yafaa tufanye hesabu badala ya kuhubiri. Tuchukue mfano wa shule ya kutwa yenye watoto 900. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni lita tano kwa kila mtoto kwa siku. Hizo ni lita 4,500, yaani ndoo 225 za lita ishirini, kila siku ya masomo. Nani atazichota? Tukinyamaza bila kupanga, watachota watoto, na hasa wasichana, na saa ya kwanza ya somo itaishia kisimani. Ardhi ya wilaya hii ndiyo yenye mtambo wa Ruvu Chini unaosafisha maji ya kunywa ya wakazi wa Dar es Salaam. Itakuwa ni aibu yetu sote ikiwa bomba kubwa linapita na shule iliyo jirani nalo inategemea dimbwi. Pasipo bomba pachimbwe kisima, pawekwe tangi la kukinga maji ya mvua ya masika, na kila darasa liwe na kibuyu chirizi chake. Kibuyu chirizi hakihitaji mfadhili: ni dumu, kamba, kijiti na sabuni.

Maji huandamana na vyoo. Kipimo cha nchi yetu ni tundu moja kwa wasichana ishirini na tundu moja kwa wavulana ishirini na watano. Shule yetu ya mfano, ikiwa nusu ya watoto ni wasichana, yataka matundu 23 ya wasichana na 18 ya wavulana. Kila mwalimu mkuu anaijua idadi aliyo nayo. Tofauti kati ya idadi hiyo na kipimo ndiyo deni la kata, na deni hilo liandikwe na kusomwa hadharani katika mkutano wa kijiji, wala lisifichwe katika jalada.

Jambo la tatu ni nafasi. Tangu mwaka 2016, elimu ya msingi ilipoondolewa ada, watoto wamejaa madarasani, nasi twashukuru. Lakini darasa lililokusudiwa watoto 45 likiwa na watoto 90, maneno ya kukaa mbalimbali yanakuwa ya kwenye karatasi tu. Njia iliyopo ni zamu: nusu asubuhi na nusu alasiri. Si jambo geni. Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulipoanza mwaka 1977, zamu mbili zilikuwa desturi katika shule nyingi. Majirani zetu wa Kenya walirudisha watoto kwa mafungu: Oktoba 2020 walianza na Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne, na wengine wakafuata Januari 2021. Kuanza na wachache kunampa mwalimu nafasi ya kujaribu taratibu zake kabla ya umati kufika.

Hapa kuna jambo ambalo watu wa pwani tunalijua, na ambalo mpango ulioandikwa mbali na pwani hauwezi kulijua. Mtoto wetu ana shule mbili. Asubuhi yuko shuleni, alasiri yuko chuoni kwa maalimu wake, akiwa amekaa mkekani bega kwa bega na wenzake. Ukigawa zamu shuleni bila kukaa na walimu wa madrasa, umeitenga asubuhi kile utakachokikusanya jioni. Na ukiweka zamu ya alasiri bila kushauriana nao, umewagombanisha wazazi na shule, na katika ugomvi huo shule haishindi. Basi mwalimu mkuu na maalimu waketi pamoja, na walimu wa mafundisho ya Kikristo pia, wapange ratiba moja ya mtoto mmoja. Watakuta wanasikilizana upesi kuliko wanavyodhani. Waliosoma chuoni wanayajua mafundisho ya kale kwamba mtu asiingie katika nchi yenye tauni, na aliyemo asitoke. Ndiyo maana yenyewe ya kuuzuia ugonjwa mahali ulipo.

Na hilo latufikisha katika jambo la nne: nani afunge, nani afungue, na kwa kipimo gani. Ugonjwa hauenei kwa usawa. Mapinga, iliyo mlangoni mwa Dar es Salaam, na kijiji kilicho ng'ambo ya Ruvu kisichofikika barabara ikijaa maji, haziwezi kuwa na hali moja siku moja. Kwa nini basi zifungwe na kufunguliwa siku moja? Mganga Mkuu wa Wilaya na Afisa Elimu wapewe uwezo wa kuamua kata kwa kata, kwa kipimo kilichotangazwa mapema na kinachojulikana kwa kila mzazi. Lakini hawawezi kuamua bila takwimu. Mwishoni mwa Aprili 2020 takwimu za wagonjwa zilikoma kutangazwa nchini, na kamati za shule zilijiandaa kupokea watoto bila kujua hali ya ugonjwa katika maeneo yao. Asiyeambiwa kweli husikiliza uvumi, na mzazi aliyeshika uvumi hamtoi mtoto wake nyumbani. Mwaka 1918, mafua makubwa yalipoua mamilioni ya watu duniani, miji ya New York na Chicago haikufunga shule zake. Watoto walikaguliwa na wenye dalili wakarudishwa nyumbani. Kilichowezesha hayo ni macho ya kila siku. Shule zetu nazo ziwe na mwalimu wa afya, daftari la dalili, na njia ya kufikisha habari zahanati siku hiyohiyo.

Jambo la tano ni masomo wakati milango imefungwa. Mwaka 2020 vipindi vilirushwa redioni na kwenye televisheni, lakini mtoto aliye peke yake mbele ya redio huchoka upesi. Nchi hii ilikwisha kuonyesha njia bora. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vijijini, wakasikiliza kipindi kwa pamoja wakiwa na kiongozi na kitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Redio ilisema, kikundi kikatenda. Vikundi vya watoto watano watano wa jirani, chini ya kijana aliyemaliza Kidato cha Nne, vyaweza kufanya hivyo barazani kwa gharama ndogo sana.

La mwisho, ambalo kwa maoni yetu ndilo kubwa kuliko yote, ni orodha ya majina. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Siku ya kufungua shule tunawahesabu waliokuja, tunapiga picha, tunafurahi. Asiyekuja hana wa kumsemea. Kijana amefuata wavuvi dago, mwingine amepata kibarua mashamba ya chumvi, mwingine anaendesha bodaboda. Msichana amepelekwa Dar es Salaam kufanya kazi za nyumbani, au amekwisha kupata mimba. Nchini Sierra Leone shule zilifungwa kwa ajili ya Ebola mwaka 2014 hadi Aprili 2015, na zilipofunguliwa wasichana wenye mimba walizuiwa kurudi. Zuio hilo liliondolewa Machi 2020 tu. Uganda ilikaa karibu miaka miwili bila kufungua shule zote, hadi tarehe 10 Januari 2022, na wengi wa waliokwenda kutafuta riziki hawakurudi tena. Sisi tumekwisha kupata nafuu moja: Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba msichana aliyejifungua aweza kurudi shuleni. Lakini ruhusa hiyo haimfikii asiyeijua, wala haimfikii ambaye hakuna aliyekwenda kumwita.

Kwa hiyo basi, siku shule zinapofungwa, kila mwalimu wa darasa na aandike majina ya watoto wake na kitongoji cha kila mmoja, nakala imfikie mwenyekiti wa kitongoji na balozi wa nyumba kumi. Kila mwezi orodha ipitiwe. Na shule isihesabiwe kuwa imefunguliwa siku kengele inapolia, bali siku kila jina litakapokuwa limepatiwa jibu: amerudi, amehamia shule fulani, anaugua, au anatafutwa na mtu fulani mwenye jina.

Wapo watakaosema kwamba mwaka 2020 tulifungua bila mipango hii yote na mambo yakaenda. Tunawauliza: yalimwendea nani? Yalimwendea yule aliyerudi. Wengine watasema fedha hazipo. Kisima na vyoo vyataka fedha, hatubishi, na bajeti ya halmashauri haina budi kuonyesha hivyo. Lakini kuandika majina hakutaki fedha, kufungua dirisha hakutaki fedha, wala kuketi na maalimu hakutaki fedha. Vyataka watu wanaojua kwamba kazi hiyo ni yao.

Tunatoa wito kwa kamati za shule za wilaya hii: kabla ya masika ijayo kila kata iwe na mpango wake, ukurasa mmoja tu, wenye hesabu ya maji, ya vyoo, ya nafasi, na majina ya wahusika. Ubandikwe ukutani pa ofisi ya kata ili kila mzazi ausome. Ugonjwa hautatutumia barua kutuarifu siku ya kuja kwake.