Kenya: Mbio za mashua za Lamu na elimu ya tanga

Mji wa Lamu, katika pwani ya kaskazini ya Kenya, huandaa mbio za mashua zaidi ya mara moja kwa mwaka. Mbio hizo hufanyika katika tamasha la utamaduni, ambalo kwa kawaida huwa mwezi Novemba, katika sherehe za Maulidi, na pia siku ya mwaka mpya katika kijiji jirani cha Shela. Kwa mgeni, hiyo ni burudani ya siku moja. Kwa wenyeji ni mtihani wa ujuzi ambao mabaharia wamerithishana bila kuuandika.

Mashua hushindana vipi?

Mashua ni chombo cha mbao chenye mlingoti mmoja na tanga la pembe tatu. Tanga hilo hufungwa kwenye foromali, yaani boriti ndefu inayopandishwa mlingotini. Upepo ukivuma kutoka nyuma, kazi huwa nyepesi. Ugumu huanza nahodha anapotakiwa kuelekea unakotoka upepo. Hapo hana budi kubisha, yaani kwenda kwa mshazari, mara kulia, mara kushoto.

Kila anapogeuka, mabaharia huhamisha foromali na tanga upande wa pili wa mlingoti. Wakichelewa, chombo hupoteza mwendo. Wakikosea, kinaweza kupinduka. Wakati huo huo baadhi yao hukalia ubao uliotokezwa nje ya ubavu, upande wa upepo, ili uzito wao uzuie chombo kulala. Mifuko ya mchanga iliyomo ndani, ambayo ndiyo farumi yao, nayo huhamishwa. Ndiyo maana mtazamaji mzoefu huelekeza macho mahali pa kugeukia: hapo ndipo mshindi hujulikana.

Safari ya siku moja

Msafiri wa barabara kutoka Malindi hupitia Garsen na Witu hadi Mokowe, upande wa bara, kisha huvuka kwa boti. Ndege hutua kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mji. Eneo la Lamu limepata kushambuliwa na watu wenye silaha, hasa mwaka 2014 huko Mpeketoni, hivyo inafaa kuulizia hali ya usalama mapema na kusafiri mchana. Anayetaka kwenda na kurudi siku hiyo hiyo ataona wepesi zaidi akija kwa ndege, au akiwa amelala karibu.

Mji wa kale uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Vichochoro vyake ni vyembamba, na mizigo hubebwa na punda. Mbio zinapopita mbele ya mji, watu husimama ufukoni kuzitazama. Ni mji wa Kiislamu wenye kuthamini staha, basi mgeni na avae mavazi ya heshima.

Nini kiko hatarini?

Siku za kawaida, injini zimechukua mahali pa matanga katika safari nyingi. Mafundi wa kijiji cha Matondoni, kinachosifika kwa uundaji wa vyombo vya mbao, sasa wanashindana na boti za plastiki ngumu.

Bahari yenyewe pia imebadilika. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu, inayokusudiwa kuhudumia Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini, lilifunguliwa Mei 2021. Kabla ya hapo, mwaka 2018, Mahakama Kuu mjini Malindi iliamuru wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 za Kenya kwa athari za mradi huo katika maeneo yao ya uvuvi.

Katika hali hiyo, mbio zimekuwa miongoni mwa nafasi chache ambapo injini huwekwa kando na upepo kusomwa tena. Kijana anayekalia ule ubao kwa mara ya kwanza hujifunza kutoka kwa nahodha lini aegemee nje, lini arudi ndani, na lini ashike kamba. Masomo hayo hayana darasa lingine. Yakikosa wanafunzi, mashua zitabaki, lakini wa kuziongoza kwa tanga watakuwa wachache.