Je, Wajua? Nguo ya kuogelea ikifika kwa fundi

Je, wajua kuwa fundi akiingiza mshono wa kila ubavu kwa sentimita 1 tu, mzunguko wa nguo ya kuogelea hupungua sentimita 4? Sentimita moja huliwa mbele, nyingine nyuma, na mbavu ni mbili. Ndiyo maana fundi mzoefu huanza na nusu sentimita, akakupa ujaribu, ndipo akaendelea. Na hakati kitambaa kilichobaki mpaka uridhike.

Je, wajua kuwa nguo ya kuogelea inatakiwa ikubane kidogo ikiwa kavu? Ikilowa hulegea. Ile inayokukaa raha mustarehe mbele ya kioo ndiyo itakayokuponyoka kwenye wimbi la kwanza.

Je, wajua kuwa mshono wa kawaida ulionyooka haufai hapa? Kitambaa kinavutika, uzi hauvutiki, basi siku utakayopiga mbizi utasikia tak! Panahitajika zigizaga au ovaloki, na uzi wa poliesta, kwa sababu wa pamba huchakaa upesi kwa klorini na chumvi. Sindano nayo iwe ya ncha ya mviringo, namba 75/11 kwa mfano. Yenye ncha kali hutoboa nyuzi za kitambaa na kuacha vitundu. Ya ncha ya mviringo hujipenyeza katikati ya nyuzi hizo. Fundi akikwambia sindano zote ni sawa, chukua nguo yako uondoke.

Je, wajua kuwa uzi unaoifanya nguo hii ivutike ulibuniwa mwaka 1958? Mkemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont, huko Virginia, Marekani, alikuwa akitafuta kitu cha kuchukua nafasi ya mpira kwenye mikaja ya kina mama. Akapata elastani, inayoweza kuvutika zaidi ya mara tano ya urefu wake na kurudi palepale. Mwanzoni mwa karne ya 20 watu waliogelea na nguo za sufu, zilizokunywa maji zikaning'inia hadi magotini.

Je, wajua kuwa kwenye nguo iliyolegea, mara nyingi kilichokufa ni lastiki peke yake? Vuta ukingo wa paja karibu na sikio. Ukisikia unachakarika, lastiki imekwisha. Ifumuliwe iwekwe mpya. Hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo. Lastiki hukatwa fupi kuliko tundu la mguu. Upande wa mbele hushonwa ikiwa imelala bila kuvutwa, na upande wa nyuma huvutwa wakati wa kushona, ili ukingo ushike chini ya makalio usipande juu kila unapopiga hatua. Ikivutwa sawasawa pande zote, itakata mapajani na kuacha alama nyekundu.

Lakini kwanza nyoosha kitambaa dirishani. Ukiona mwanga unapita na vinyweleo vyeupe vimechomoza, elastani imeshakatika. Hiyo hairekebishiki, usimpe mtu pesa yako.

Je, wajua kuwa nguo ya kipande kimoja ikikukata mabegani, tatizo huwa ni urefu wala si unene wako? Wengi hukimbilia saizi kubwa, kisha inawapwaya kifuani. Kipimo kinachosahaulika ni kimoja: tepu ianzie begani, ipite mbele katikati ya miguu, ipande mgongoni, irudi begani palepale. Nguo ikiwa fupi kuliko kipimo hicho, ongeza urefu wa mikanda kwa nyuma, ambako kiungo hakionekani sana.

Je, wajua kuwa namba 12 ya Uingereza ni 8 ya Marekani? Kwenye mitumba ya soko la Gikomba au la Karume zote hutoka kwenye robota moja. Amini tepu, lebo iache.

Je, wajua kuwa tumbo hufichwa na marinda vizuri kuliko linavyofichwa na kubana? Fundi huvuta kipande cha lastiki na kukishona juu ya mshono wa ubavu, usawa wa tumbo. Kikiachiwa, kitambaa hujikunja mikunjo midogo inayolipoteza jicho. Mimi nayaona haya ndiyo marekebisho yenye faida kubwa kwa gharama ndogo.

Je, wajua kuwa burkini ilibuniwa Australia mwaka 2004 na Aheda Zanetti, mzaliwa wa Lebanon? Huku kwetu, nguo ndefu za aina hiyo zimewawezesha wasichana wa Nungwi, Unguja, kujifunza kuogelea bila kuacha stara. Kama ya kwako inapanda na kuelea majini, mwambie fundi ashone vitanzi viwili vya ndani vya kuifunga na suruali.

Je, wajua kuwa nguo ya kuogelea iliwahi kuleta kizaazaa duniani? Vazi la Speedo LZR Racer la mwaka 2008 halikushonwa kwa uzi. Viungo vyake viliunganishwa kwa mawimbi ya sauti. Mwaka uliofuata, mavazi ya plastiki yalipozidi kushamiri, rekodi 43 za dunia zilivunjwa kwenye mashindano ya dunia ya kuogelea ya Roma. Kuanzia Januari 2010 yakapigwa marufuku.

Je, wajua kuwa klorini inaendelea kuila elastani hata baada ya wewe kutoka bwawani? Suuza kwa maji baridi ya kawaida papo hapo, anika kivulini, na pasi isiiguse kabisa.

Na siku ya kuchukua nguo kwa fundi, usimlipe kwanza. Ivae, inama, chuchumaa, inua mikono yote miwili. Mkono ukikimbilia kuivuta popote, irudi kwenye cherehani siku hiyohiyo.