Kinanda cha Mianzi cha Las Piñas

Katika mji wa Las Piñas, nchi ya Ufilipino, kuna kinanda cha kanisa cha ajabu. Vinanda vikubwa vya namna hii huimba kwa filimbi: mivukuto hujaza pepo sandukuni, na mpigaji abonyezapo kwa kidole, pepo huingia katika filimbi yake, sauti ikatoka. Mahali pengi filimbi hizo ni za madini na mbao. Huko Las Piñas filimbi zote ni 1,031, na katika hizo 902 ni za mianzi.

Aliyekiunda ni Padre Diego Cera, Mhispania. Alianza kazi mwaka 1816. Mianzi aliyoikata aliifukia mchangani kwa muda mrefu, ili wadudu wasije wakaitoboa. Kazi ikaisha mwaka 1824.

Lakini matetemeko ya ardhi na tufani yalilipiga kanisa lile mara nyingi, hata filimbi zikatolewa na kuwekwa akiba. Sisi tulioona matope ya Mlima Hanang yakishukia Katesh mwezi wa Desemba 2023, twajua jinsi saa moja iwezavyo kuharibu kazi ya miaka mingi. Kinanda kikadhoofika, kikawa kama mzee aliyepotewa na sauti.

Mwaka 1973 kilifunguliwa, kikapelekwa kwa mafundi wa Klais, mjini Bonn, Ujerumani. Nao walikitengenezea chumba chenye joto na unyevu kama wa Ufilipino, mianzi isije ikakauka na kupasuka. Mwaka 1975 kikarudi kwao, na watu wakakisikia tena.

Je, kikiharibika mara nyingine, kivuke bahari tena? Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwa hiyo Wafilipino walijifunza ufundi huo kwa mabingwa wa Ulaya, na mwaka 1994 karakana yenye jina la Diego Cera ikaanzishwa nchini mwao. Mwaka 2003 kinanda kilitangazwa kuwa hazina ya taifa, na hazina hiyo sasa ina mafundi wa nyumbani.

Enyi walimu wa Mbulu na Hanang, kila kanisa hutafuta mpigaji wa kinanda. Ni wachache watafutao fundi wake. Kinanda kikinyamaza, husogezwa pembeni, panya wakatoboa mivukuto. Basi, mtazameni kijana yule apendaye kufungua vitu ili ajue vilivyo ndani. Msimkemee upesi, mpeni bisibisi, na mtu wa kumfundisha.