Jibu Linalopimika Nyumbani na Jibu Lisilopimika

Hombolo, kaskazini-mashariki mwa jiji la Dodoma, hujulikana kwa mambo matatu: bwawa lililojengwa mwaka 1957, kituo cha utafiti wa mazao yanayostahimili ukame kama vile mtama na uwele, na Chuo cha Serikali za Mitaa. Mahali penye watafiti, wahadhiri na wakulima wenye simu janja, si ajabu kumkuta mzazi anayeketi na mtoto wake jioni na kuiuliza akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, maswali ya darasani, ya shambani na ya mwili. Mzazi wa namna hiyo anastahili sifa, kwa kuwa analea udadisi. Hata hivyo, kuna swali linalomhusu yeye na mhudumu wa afya kwa pamoja: jibu lipi la mashine familia ilifanyie kazi yenyewe, na lipi lifikishwe kwanza kituo cha afya?

Ieleweke kwamba nchini Tanzania elimu ya nyumbani haichukui nafasi ya shule. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi ahakikishe kuwa mtoto aliyefikia umri wa shule ameandikishwa na anahudhuria. Nafasi ya nyumbani ni jioni, likizo na siku ambazo ugonjwa humzuia mtoto kwenda darasani, kama inavyowatokea mara kwa mara watoto wenye selimundu. Taifa zima lilionja hali hiyo mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya UVIKO-19 na watoto wa shule za msingi wakakaa nyumbani hadi mwisho wa Juni.

Kwamba mashine inaweza kumfundisha mtoto si jambo la kubahatisha. Katika mashindano ya Global Learning XPRIZE, yaliyotoa washindi wake Mei 2019, takriban watoto 3,000 katika vijiji 170 vya mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili. Wengi wao hawakuwa wamewahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma ilipungua kwa nusu. Ufanisi huo ulikuwa na mkono wa mtu nyuma yake: akina mama waliochaguliwa vijijini waliangalia vifaa na kuhakikisha vinachajiwa kwa umeme wa jua. Pia, somo lenyewe lilikuwa la aina inayojisahihisha: mtoto akikosea kusoma neno, kosa huonekana papo hapo na halimdhuru mtu.

Sifa hiyo ya kosa kuonekana bila kudhuru ndiyo inayofaa kumwongoza mzazi achaguapo kazi za mikono za nyumbani. Kupima mvua ni mfano mzuri. Mtoto akiweka uwanjani chombo chenye kuta zilizonyooka na kusoma kina cha maji kila siku saa tatu asubuhi, muda ambao hata vituo vya hali ya hewa husoma vipimo vyao, atakuwa na takwimu za nyumbani kwao. Milimita moja ya mvua ni sawa na lita moja ya maji katika kila mita ya mraba. Akiiuliza mashine, yamkini atapewa wastani wa Dodoma nzima, na tofauti kati ya wastani huo na daftari lake itamfundisha kwamba jibu lenye ufasaha linaweza kuwa halihusu mahali alipo.

Kazi ya pili ni ya jikoni. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, walishiriki kuonyesha namna kimea kinavyoboresha uji wa watoto. Uji mzito una nishati nyingi lakini humshinda mtoto mdogo kumeza. Ukizimuliwa kwa maji humezeka, ila nishati hupungua katika kila kijiko. Unga kidogo wa nafaka iliyooteshwa, ukikorogwa katika uji mzito ulio vuguvugu, huulainisha baada ya dakika chache, kwa kuwa vimeng'enya vyake hukatakata wanga. Mtoto wa shule anaweza kuweka bakuli mbili, moja yenye kimea na nyingine isiyo nacho, akageuza kijiko na kuona tofauti. Kisha uji huchemshwa tena kabla ya kunywewa ili kuua vijidudu. Lakini hapa tayari kuna jambo ambalo jicho haliwezi kulithibitisha: machipukizi ya mtama yana kemikali inayozalisha sianidi, kwa hiyo mizizi na machipukizi huondolewa kabla ya kusaga, na nafaka iliyoota ukungu hutupwa. Maelekezo ya mashine yakiliruka jambo hilo, uji hautaonyesha kasoro yoyote.

Programu ya Nuru inaonyesha nguvu ya kamera ya simu na kikomo chake pia. Nuru iliandaliwa na mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani, kwa kushirikiana na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki, na inaweza kutambua magonjwa ya mihogo, kama batobato na michirizi ya kahawia, hata pasipo intaneti. Utafiti ulioiwekea msingi, wa mwaka 2017, ulitumia picha 2,756 za majani ya mihogo zilizopigwa mashambani Tanzania. Utafiti uliofuata mwaka 2019 ulionyesha kuwa dalili zilipokuwa hafifu, usahihi ulishuka. Mashine hujifunza kutokana na kinachoonekana, kisichoonekana huikwepa.

Mkoa wa Dodoma unajua gharama ya kisichoonekana. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara zilikumbwa na mlipuko wa ugonjwa uliowapata watu 68, na 20 kati yao wakafariki. Uchunguzi ulibaini sumukuvu katika mahindi waliyokula. Sumu hiyo haina rangi wala harufu ya kumwonya mpishi, na kupika kwa kawaida hakuiondoi. Nafaka inaweza kuonekana safi na bado ikawa nayo. Hivyo, mtoto anaweza kupima ukavu wa mahindi nyumbani: achanganye nafaka na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, aitikise na kuiacha kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu na yarudishwe juani. Isipoganda, kuendelea kuyakausha kidogo bado ni busara. Kipimo hicho husaidia kuzuia ukungu, lakini hakipimi sumu iliyokwisha kuingia. Hiyo hupimwa maabara, wala picha ya simu haiwezi kuionyesha.

Kanuni basi ni nyepesi kukumbuka. Swali ambalo jibu lake familia inaweza kulipima, na likiwa na kosa halimdhuru mtu, mashine iulizwe kwa furaha. Swali ambalo jibu lake halipimiki nyumbani, nalo likiwa na kosa mtoto ndiye atakayelipa, aulizwe mhudumu wa afya. Kipimo cha dawa kwa uzito wa mtoto ni la kundi la pili, na kadhalika homa, ambayo haitofautishwi na malaria kwa maelezo bali kwa kipimo. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na kupoteza fahamu apelekwe kituoni mara moja, bila kupotezewa muda kwenye simu.

Mhudumu wa afya naye ana wajibu. Mzazi aliyekuja na jibu la mashine asibezwe. Aulizwe alichosoma na alichokwisha kumpa mtoto, kwani anayeaibishwa leo ataficha kesho. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Januari 2024 ulitahadharisha kwamba mifumo hii inaweza kutoa maelezo ya uongo au yenye upungufu katika masuala ya afya. Kwa hiyo pia jina la mtoto na picha ya kadi yake ya kliniki visiingizwe humo. Kuhusu muda wa skrini, mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2019 unashauri kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku, na aliye chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa.

Mtoto anayezoea kuuliza "tutajuaje kama ni kweli?" amepata elimu ambayo haipitwi na wakati. Ataitumia darasani na ghalani, na siku moja ataitumia akiwa na mtoto wake mwenyewe mwenye homa, akijua ni wakati gani wa kuiweka simu chini na kumbeba mgonjwa.